Mbwa wa Bad Newz Kennels

Mbwa wa Bad Newz Kennels ni kundi la mbwa wa aina ya pit bull waliokamatwa Aprili 2007 katika wilaya ya Surry, jimbo la Virginia, Marekani. Walikutwa kwenye nyumba ya shamba iliyokuwa mali ya Michael Vick, aliyekuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani katika timu ya Atlanta Falcons. Walikuwa wakifugwa kwa ajili ya mashindano haramu ya kupiganisha mbwa, yaliyoendeshwa kwa jina la Bad Newz Kennels. Habari zao zilienea kwa sababu ya umaarufu wa mwenye mali, lakini jambo lililowapa nafasi katika historia ya utunzaji wa wanyama ni lililotokea baada ya kukamatwa: mbwa 47 walipimwa mmoja mmoja na kutafutiwa makao, wakati ambapo desturi ilikuwa kuwaua wote bila kuwachunguza.

Vick alinunua eneo hilo, la ekari 15 hivi, mwaka 2001. Nyuma ya nyumba nyeupe iliyoonekana kutoka barabarani palikuwa na mabanda yaliyopakwa rangi nyeusi, na katikati ya miti mbwa walifungwa minyororo kwenye ekseli za magari zilizozikwa ardhini. Ekseli huzunguka, kwa hiyo mnyororo haujisokoti. Umbali kati ya mbwa na mbwa ulipimwa ili waonane na kuchokozana bila kufikiana. Mbwa aliyeshindwa au aliyekataa kupigana aliuawa: wengine walinyongwa, wengine walizamishwa majini, wengine walipigwa risasi au umeme. Polisi waliofika tarehe 25 Aprili 2007 walikuwa wakifuatilia kesi ya dawa za kulevya ya jamaa mmoja wa Vick, na mbwa waliwakuta tu. Walichukuliwa zaidi ya 60, na kati yao kama 50 walikuwa pit bull. Vick alikiri kosa Agosti mwaka huo, na mwezi Desemba akahukumiwa kifungo cha miezi 23. Mahakama ya shirikisho ilimwamuru pia alipe takriban dola 928,000 kwa ajili ya matunzo ya mbwa. Amri hiyo ya malipo haikupata vichwa vya habari kama kifungo, lakini bila fedha hizo yaliyofuata yasingewezekana.

Kisheria mbwa hawa walikuwa vielelezo vya kesi. Waligawanywa katika vituo vya wilaya mbalimbali vya kuhifadhi wanyama, wakakaa kwa miezi kadhaa kwenye vizimba vya sakafu ya saruji, wengine bila kutolewa nje. Kukaa huko kwenyewe kuliwaongezea madhara. Wakati huohuo mjadala ulipamba moto. Mashirika mawili makubwa ya kutetea wanyama, Humane Society of the United States na PETA, yalishauri mbwa wote wauawe kwa sindano. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Vituo vya Marekani wakati huo vilikuwa vikiua mamilioni ya mbwa na paka kila mwaka kwa kukosa wa kuwachukua, wengi wao wazima na wapole, na ilionekana si haki kutumia fedha na nafasi kwa mbwa waliofunzwa kuua. Udhaifu wa hoja ulikuwa mmoja: ilidhani kwamba mbwa wote wa boma moja wana tabia moja, na hakuna aliyekuwa amekwenda kuwatazama.

Upimaji ulifanyika Septemba 2007 kwa ombi la waendesha mashtaka. Uliongozwa na wataalamu wa shirika la kutetea wanyama la ASPCA, akiwemo Stephen Zawistowski, na walishirikiana na Donna Reynolds na Tim Racer, waanzilishi wa BAD RAP, kikundi cha Oakland, California, kinachoshughulika na pit bull. Kila mbwa alitolewa kizimbani akaonyeshwa mambo ya kawaida ya maisha: mtu mgeni anayemkaribia, mwanasesere mwenye kimo cha mtoto, mkono wa bandia unaosogeza bakuli la chakula wakati anakula, na mbwa mwingine. Wapimaji walijiandaa kukuta ukali. Walichokikuta zaidi ni hofu. Mbwa wengi hawakubweka wala kuonyesha meno. Walilala kifudifudi, miguu imetandazwa, wakagoma kuinuka hata waliposhikwa kwa upole. Wapimaji wakawapa jina la utani la chapati, kwa jinsi walivyojibandika sakafuni.

Matokeo yalipangwa katika makundi. Kundi moja lilikuwa la mbwa wanaoweza kwenda moja kwa moja kwa walezi wa muda majumbani, huku wakiangaliwa. Jingine lilikuwa la wenye nguvu na ari ya kufaa kazi ya polisi. Makundi mawili yalikuwa ya mbwa wanaohitaji kituo cha hifadhi, baadhi kwa kipindi na baadhi pengine kwa maisha yao yote. La mwisho lilikuwa la wa kuuawa. Katika kundi hili la mwisho aliingia mbwa mmoja tu kwa sababu ya ukali. Mwingine aliuawa kwa sababu ya ugonjwa. Oktoba 2007 mahakama ilimteua Rebecca Huss, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Valparaiso, Indiana, awe msimamizi wa mbwa hao. Alizunguka vituoni kuwaona, akachambua maombi ya mashirika yaliyotaka kuwapokea, kisha akapendekeza kila mbwa aende wapi. Mbwa 22, ambao wengi walikuwa katika hali ngumu zaidi, walipelekwa kwenye hifadhi ya Best Friends Animal Society huko Kanab, Utah. Kumi walikwenda BAD RAP, na waliobaki wakagawiwa vikundi vingine vidogo vya majimbo mbalimbali.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, kwa sababu kumtoa mbwa hatarini na kumpatia makao ni mambo mawili tofauti. Kiwewe cha mbwa hawa kilikuwa na sura mbili zinazochanganywa mara nyingi. Wapo waliokuwa na makovu ya mapigano na waliojifunza kwamba mkono wa binadamu huleta maumivu. Lakini wengi zaidi walikuwa mbwa ambao hawakuwahi kuonyeshwa dunia. Mtoto wa mbwa hujifunza nini ni cha kawaida hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake. Asichokutana nacho katika kipindi hicho baadaye hukiona kama tishio. Mbwa aliyekulia kwenye mnyororo msituni hajui ngazi, mlango wa kioo, sauti ya televisheni, mfagio, wala mtu mwenye kofia. Watu wakimwona anatetemeka mbele ya mfagio husema aliwahi kupigwa nao. Mara nyingi hajawahi kuuona.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nyumba ipi inamfaa. Mbwa asiyejua dunia hahitaji nyumba yenye huruma nyingi kuliko zote. Anahitaji nyumba inayotabirika. Chakula kwa saa ileile, njia ileile ya matembezi, wageni wachache, pembe ya kujificha ambayo hakuna anayemfuata. Mtu anayemkumbatia kila dakika kwa kumwonea uchungu humtisha zaidi. Huko Kanab walezi walikaa na mbwa hao usiku na mchana mwanzoni, na maendeleo ya kila mmoja yaliandikwa kwa alama: hofu, kujiamini, uhusiano na watu, uhusiano na mbwa wenzake. Kumbukumbu za namna hiyo zilisaidia sana baadaye, kwa kuwa aliyetaka kumchukua mbwa alionyeshwa mbwa alivyo, si simulizi ya mateso yake. Wenye uzoefu wa kazi hii huwa na shaka na mwombaji anayevutwa na simulizi peke yake: huruma yake hupungua mbwa anapokojoa kwenye zulia kwa mwezi wa tatu mfululizo.

Jambo jingine lililojitokeza halikutarajiwa na wengi. Mbwa hawa waliofugwa ili wauane walipata nafuu kwa haraka zaidi walipowekwa na mbwa wengine watulivu. Mbwa mwoga alimtazama mwenzake akimwendea mtu, akipokea kipande cha nyama, akipanda ngazi. Siku moja naye akafuata. Ndiyo maana kwa wengi wao nyumba iliyochaguliwa ilikuwa ile yenye mbwa mzoefu tayari, ingawa kwa wachache sharti lilikuwa kinyume kabisa, wakae bila mbwa mwingine yeyote.

Masharti kwa wapokeaji yalikuwa makali kuliko ya kawaida. Historia zao zilichunguzwa, uzio ulikaguliwa, na mbwa alikaa kwanza kwa muda wa majaribio kabla ya kumilikiwa rasmi. Mbwa wengi wa Kanab walitakiwa pia kufaulu mtihani wa nidhamu wa American Kennel Club wenye vipengele kumi, ambavyo ni pamoja na kumkubali mgeni anayemsalimu mwenye mbwa, kutembea na kamba iliyolegea, kumpita mbwa mwingine bila fujo, na kubaki na mtu mwingine kwa dakika tatu bila mwenye mbwa kuonekana. Kwa mbwa wa kawaida dakika hizo tatu ni jambo dogo. Kwa mbwa aliyekuwa amejibandika sakafuni mwaka uliotangulia, zilikuwa kazi ya miezi.

Waliofanikiwa haraka ndio wanaojulikana zaidi. Jonny Justice, aliyekwenda kuishi San Francisco, alipata cheti cha mbwa wa tiba mwaka 2008 na akawa akikaa na watoto wanaojifunza kusoma kwa sauti. Mtoto anayegugumiza mbele ya mwalimu hakuona haya mbele ya mbwa. Mbwa aitwaye Leo, naye wa California, alitembelea wagonjwa wa saratani. Hawa walikuwa na tabia ya ukunjufu tangu siku ya kupimwa, na nyumba zenye shughuli ziliwafaa. Sweet Jasmine, aliyepelekwa Maryland, alikuwa wa aina nyingine: muda mrefu alikaa ndani ya kizimba chake hata mlango ukiwa wazi, na kutoka kwake nje kwa hiari kulihesabiwa kuwa ushindi. Picha yake ilitoka kwenye jalada la jarida la Sports Illustrated Desemba 2008. Little Red, ambaye meno yake yalikutwa yamesagwa, alikaa Kanab miaka kadhaa kabla ya kupata familia. Frodo aliishi California hadi Desemba 2021, akiwa wa mwisho kufa katika kundi lote.

Wapo pia wasiopelekwa kwenye nyumba ya mtu. Lucas, aliyekuwa bingwa wa mapigano, na Meryl, ambaye hakuwaamini wageni, waliamriwa na mahakama kubaki Kanab maisha yao yote. Si sahihi kuwaita walioshindikana. Lucas aliwapenda watu na aliishi vizuri miongoni mwa wafanyakazi hadi alipokufa mwaka 2013, na Meryl alikuwa na walezi wachache aliowazoea. Makao yanayofaa kwa mbwa fulani yanaweza kuwa hifadhi, na kumlazimishia familia kwa ajili ya kukamilisha hesabu ya mafanikio ni kumhatarisha yeye na watu.

Matokeo ya kesi hii yalionekana haraka. Mapema mwaka 2009 mahakama ya wilaya ya Wilkes, North Carolina, iliamuru kuuawa kwa mbwa zaidi ya 100 waliokamatwa kwenye boma la kupiganisha mbwa, wakiwemo watoto wachanga wa mbwa. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka huohuo Humane Society of the United States ilibadilisha msimamo wake: kila mbwa anayetolewa kwenye mapigano apimwe peke yake. Julai 2009, katika msako mkubwa ulioanzia Missouri na kugusa majimbo kadhaa, walikamatwa mbwa zaidi ya 400 na utaratibu huo mpya ukatumika. Baadhi ya majimbo yalifuta vifungu vya sheria vilivyomtangaza mbwa kuwa hatari kwa sababu tu alikutwa kwa wapiganishaji. Mwaka 2013 ASPCA ilianzisha huko New Jersey kituo cha kutibu mbwa wenye hofu kubwa, ambacho tangu 2018 kina makao yake Weaverville, North Carolina. Mbwa huzoeshwa hatua kwa hatua mambo wanayoyaogopa huku wakipewa chakula wakipendacho, na wanaohitaji hupewa dawa. Uzoefu wa vituo vya aina hiyo unapunguza uzito wa kanuni maarufu isemayo kwamba mbwa mgeni huhitaji siku tatu kutulia, wiki tatu kuzoea na miezi mitatu kujiona yupo kwake. Kanuni hiyo inamfaa mbwa wa kawaida. Kwa mwenye kiwewe kikali, miezi mitatu inaweza kuwa muda wa kumfikisha mlangoni tu.

Jim Gorant aliandika kitabu kuhusu mbwa hawa, *The Lost Dogs*, mwaka 2010, na filamu ya kumbukumbu *The Champions* ilitoka 2015. Vick alitoka kifungoni 2009 na kurudi uwanjani na Philadelphia Eagles.

Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama uthibitisho kwamba kila mbwa anaweza kuokolewa. Hakithibitishi hilo. Kinathibitisha kwamba ukali hauwezi kukisiwa kwa kuangalia aina ya mbwa au mahali alipotolewa, na kwamba mbwa aliyepimwa vizuri anaweza kupangiwa makao yanayomfaa. Mbwa hawa 47 walikuwa na msimamizi wa mahakama, wataalamu wa nchi nzima na fedha za mshtakiwa tajiri. Vituo vingi vinavyopokea mbwa wa namna hii havina hata kimoja kati ya hivyo, na huko uamuzi bado hutegemea idadi ya vizimba vilivyo wazi.