Chuma cha Samia na Zana za Kwendea Mwituni

Mtu wa Busia anapotaka kwenda mwituni siku hizi, awe wa Busia ya Kenya au wa Busia ya Uganda, aghalabu huchukua panga moja tu, akalifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli, na kwa panga hilo hilo hufyeka njia, hukata fito, huchanja kuni, huchonga kigingi cha mbuzi, na jioni akirudi nyumbani huligeuza kuwa kisu cha kumenyea muhogo. Hana kosa, maana panga ni chombo chenye fadhila nyingi na bei yake si ya kumtisha maskini. Lakini babu wa babu yake, aliyekaa juu ya ardhi hiyo hiyo kabla mpaka haujapitishwa katikati yake, hakuondoka nyumbani kwa wepesi kama huo. Alisimama kwanza mbele ya zana zake akajiuliza anakwenda kukata nini, mti wa namna gani, mbichi au mkavu, na kwa kazi ipi, ndipo akanyoosha mkono. Elimu ya kuchagua namna hiyo ilikuwa na makao yake na walimu wake, na makao yake makubwa katika nchi hii yalikuwa vilima vya Samia.

Vilima hivyo vimesimama kusini mwa Busia, karibu na mahali Mto Sio unapomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, na Wasamia wenyewe wako ng'ambo zote mbili za mpaka, wakisema lugha moja na kuzikana kwa matanga ya namna moja. Mawe ya huko yana chuma. Wahunzi waliyachukua, wakayaponda, wakayapanga pamoja na makaa katika tanuri la udongo, kisha wakapuliza kwa mivukuto ya ngozi ambayo pumzi yake ilipita katika kewa la udongo mpaka kiini cha moto. Msomaji asidhani kwamba chuma kilitiririka kama maji. Moto wa tanuri la namna hiyo haufiki kiasi cha kukiyeyusha. Kilichotoka kilikuwa bonge lenye matundu kama sifongo, limechanganyika na mavi ya chuma, likahitaji kupashwa moto na kupigwa, kupashwa tena na kupigwa tena, juu ya fuawe ya jiwe, mpaka taka zikatoka na chuma kikashikana. Kazi hiyo ilikula makaa mengi, na makaa mazuri hutoka katika miti migumu, na miti migumu haianguki ila kwa shoka. Kwa hiyo shoka lilizaa makaa, na makaa yakazaa shoka. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kazi ya tanuri ilizungushiwa miiko, na mhunzi alitazamwa kwa heshima iliyochanganyika na hofu, kwa sababu alionekana kutoa uhai katika jiwe.

Bidhaa iliyowapa Wasamia jina ilikuwa jembe. Waluhya waliliita embako, Waluo na Wapadhola wakaliita kweri, watu wa Busoga na Buganda wakaliita nkumbi, na katika ndimi zote hizo lilikuwa zaidi ya chombo cha kulimia: lilipimwa kwa mbuzi na kwa nafaka, likawekwa akiba kama fedha, na likahesabiwa katika mahari. Majembe ya Samia yalivuka kwa mitumbwi kwenda Busoga, yakapanda kwa miguu kwenda kwa Waluhya wa bara na kushuka kwa Waluo wa pwani ya ziwa. Kaskazini kulikuwa na kisima kingine cha chuma, nacho ni vilima vya Labwor, ambavyo wahunzi wake walijulikana miongoni mwa Walango, Wakaramoja na Wateso. Nchi ya Tororo, kwao Wapadhola, imekaa upande wa chini wa njia hiyo ya kaskazini na upande wa juu wa njia ya Samia.

Biashara hiyo ndiyo wageni walioikuta. Msafiri Mskochi Joseph Thomson alifika Samia mwezi wa Desemba 1883, akaliona ziwa, kisha akarudi alikotoka bila ya kuvuka kuingia Busoga. Miaka miwili baadaye Askofu James Hannington alipita njia ya huku, naye akauawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885. Wote wawili walitanguliwa na misafara ya watu wa pwani, iliyoleta nguo, ushanga na nyaya, na kupumzika kwa Mumia, mtawala wa Wanga. Napenda jambo moja lifahamike vyema juu ya wageni hao: hawakukuta watu waliokaa wakisubiri kuletewa chuma. Walikuta nchi yenye viwanda vyake, masoko yake na kipimo chake cha thamani.

Sasa tulitazame shoka lenyewe, kwa kuwa ndilo lililokuwa mkuu wa zana za mwituni. Shoka la kienyeji halina tundu la kupitishia mpini. Lina msuka mrefu wenye ncha, na msuka huo ndio uliopenya katika kichwa cha mpini, mahali ambapo mti umefanya fundo nene. Kila pigo lilisukuma msuka ndani zaidi, hata shoka likazidi kukaza kadiri lilivyotumika, ilhali shoka la kigeni, ambalo mpini wake huingia katika tundu, hulegea jua likiukausha mti wake, na mwenye shoka hulazimika kulitia kabari au kulilaza ndani ya maji usiku. Faida ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Mpini wa shoka la kienyeji ukivunjika katikati ya msitu, mtu hakurudi nyumbani mikono mitupu: alitafuta tawi lenye fundo, akawasha moto, akautia msuka humo mpaka ukawa mwekundu, akatoboa kwa kuunguza, na kabla jua halijaelemea magharibi shoka lake limesimama tena. Faida ya tatu ni kwamba ubapa wa shoka hilo uliweza kung'olewa na kugeuzwa ukae kingamo, nalo likawa tezo la kuchongea kinu, kigoda au ubavu wa mtumbwi. Mtu aliyebeba chuma kimoja alikuwa amebeba zana mbili. Wako watu waliozoea kulidharau shoka hilo kwa udogo wake. Mimi naona kwamba aliyelibuni alikuwa akimfikiria mtu aliye mbali na nyumbani, na hiyo ndiyo fikira iliyo bora kwa chombo cha mwituni.

Mpini nao ulikuwa na elimu yake. Mti mmojawapo uliosifika katika nchi hii ni ule ambao Waluhya huuita lusiola na Waganda huuita musambya, wenye maua ya manjano, ambao mpaka leo hupandwa mipakani mwa mashamba. Huota wima, hauliwi upesi na mchwa, nao hutoa miti ya kujengea na mipini kwa pamoja.

Baada ya shoka zilifuata zana ndogo, kila moja kwa shughuli yake. Aliyekwenda kukata nyasi za kuezekea alichukua mundu, kwa sababu nyasi hushikwa kwa mkono mmoja na kuvutwa kwa chuma kilichopinda. Shoka halina kazi hapo. Wimbi na mtama vilivunwa kwa kisu kidogo, suke baada ya suke. Aliyefuata asali alitaka kishoka chepesi ambacho angeweza kupanda nacho mtini. Na aliyekwenda kufungua shamba jipya alichukua shoka na jembe, tena akachukua moto, kwa maana moto ndio uliokuwa mshirika wa shoka katika kazi nzito: miti mikubwa haikuangushwa yote, bali mingine ilichunwa gome kulizunguka shina na kuachwa ikauke, kisha ikachomwa, na mingine ikaachwa isimame katikati ya wimbi. Mivule mikubwa ambayo msafiri huiona mpaka leo katika mashamba ya Tororo na Busoga, imesimama peke yake kama nguzo za nyumba iliyobomolewa, inatukumbusha jinsi mashamba hayo yalivyofunguliwa.

Profesa Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya historia ya Waluo wa kusini, ameeleza jinsi Wapadhola walivyoingia katika nchi ya misitu na kuifanya kuwa kwao. Kabila lililoingia katika msitu lilihitaji chuma kuliko kabila lililokaa katika mbuga. Kila shamba la Padhola lilikuwa kwanza deni kwa mhunzi.

Panga lilikuja kwa njia nyingine, na jina lake lenyewe linatoa ushahidi. Ni neno la pwani: upanga ni silaha ya vita, nalo likikuzwa huwa panga, chombo kipana cha kukatia. Waganda walipokea jina jingine kutoka pwani hiyo hiyo, wakaliita ejjambiya, kutokana na jambia, ile silaha iliyopinda ambayo Waarabu huivaa kiunoni. Hivyo katika pande mbili za mpaka chombo cha mkulima kimevaa majina ya silaha za waungwana wa baharini. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na mwaka uliofuata Jimbo la Mashariki la Uganda likahamishiwa upande wa Kenya ya leo, ndipo Wasamia wakajikuta chini ya serikali mbili. Maduka ya Wahindi yakafuata reli, kodi ya nyumba ikataka rupia, na pamba, iliyoingizwa Uganda mwaka 1903, ikawa njia ya kuzipata. Majembe na mapanga ya viwanda vya Uingereza, yenye nembo ya mamba, yakashuka katika vituo kwa maboksi. Reli ilipopita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, tanuri la Samia halikuwa na uwezo wa kushindana.

Watu husema kwamba bei ndiyo iliyolishinda tanuri la Samia, na ni kweli kwa sehemu. Lakini bei peke yake haielezi kwa nini panga, ambalo halikuwa na mfano wake katika zana za zamani, lilichukua nafasi ya zana nne au tano. Ubapa mwembamba wa chuma cha pua ni mzuri kwa kijiti kichanga na kwa mmea laini. Ukilipiga panga juu ya mvule litaruka na kuuma mkono wa mwenyewe. Panga ni chombo cha vichaka. Lilipofika, shoka la Samia na moto wake, na pamba, na kuni za watu walioongezeka, vilikuwa vimekwisha kuigeuza sehemu kubwa ya nchi kuwa mashamba na vichaka. Hakika panga lilirithi nchi ambayo shoka lilikuwa limeiandaa.

Kisha likaja jambo la huzuni lililoongeza vichaka hivyo. Ugonjwa wa malale ulizuka kando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, na katika muda wa miaka 20 hivi ukaua katika Uganda watu wanaokadiriwa kuwa robo milioni, wengi wao wa Busoga na Buganda. Mwaka 1903 daktari David Bruce alithibitisha kwamba mbung'o ndiye anayeubeba, naye mbung'o wa ziwani hukaa katika kivuli cha vichaka vya kando ya maji. Chini ya Gavana Hesketh Bell watu wa pwani ya ziwa upande wa Uganda walihamishwa, na mahali pa kutia nanga mitumbwi pakafyekwa. Mashamba yaliyoachwa yakarudi porini. Mwaka 1964 malale yakatokea Alego, kusini mwa Samia, na safari hiyo mbung'o alikutwa katika vichaka vya lantana vilivyozunguka nyumba za watu, ule mmea wa maua ya rangi rangi ulioletwa kutoka Amerika. Huko Tororo, karibu na vilima vya Sukulu, shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa ugonjwa huo lilikuwa na makao yake. Kufyeka kando ya mto na nyuma ya nyumba kukawa kazi ya kuokoa roho, na kwa kazi hiyo panga lilifaa kuliko shoka; sharti tuliseme kwa insafu.

Ufuaji wa chuma haukufa wote. Uliokufa ni utoaji wa chuma katika mawe. Pande zote mbili za mpaka wako mafundi ambao hununua springi za malori na tupa zilizochakaa, wakazipasha moto na kuzifua ziwe visu, miundu na mashoka, na malori hayakosekani Busia wala Malaba. Chuma cha springi ni kigumu na hushika makali siku nyingi. Anayekwenda kununua panga la dukani na alitazame kwa urefu wake kama limenyooka, aligonge kwa kucha asikilize kama linalia, na aangalie kama misumari ya mpini imepita upande wa pili; lakini kama anakwenda kukata mti mgumu, namshauri amtafute fundi wa springi, amweleze anakata nini.

Nawe msomaji wa Samia, wa Padhola, wa Bugwe au wa Teso, ukikuta darini kwa nyanya yako jembe la zamani lenye msuka, au shoka dogo lililopoteza mpini, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu alipime kwa kilo. Mwulize nyanya lilitoka kwa mhunzi wa ukoo gani, lilibadilishwa kwa mbuzi wangapi, na mpini wake ulikuwa wa mti gani. Yaandike majibu hayo kwa lugha yake mwenyewe, kisha ulipeleke chombo pamoja na karatasi yako katika jumba la makumbusho la Kisumu au la Kampala, wakati nyanya bado yu hai kukusahihisha.