Ufukwe Usiouzika: San Francisco na Amana ya 1968

Historia ya San Francisco ina hadithi moja inayorudiwa mno: kwamba mwaka 1863 serikali ya jimbo la California iliupora mji bandari yake, na kwamba mwaka 1968 haki ikatendeka, jiji likarudishiwa mali yake. Ni hadithi tamu. Sehemu yake ya kwanza imepotoshwa, na ya pili ina hatari, maana anayeiamini ataona ufukwe ule ni kiwanja cha jiji kama viwanja vingine, chake kukigawa atakavyo.

Chanzo kinajulikana. Palikuwa na ghuba ndogo iliyoitwa Yerba Buena, Wamarekani wakaitwaa kutoka kwa Mexico, dhahabu ikaonekana, na mwaka 1849 meli zikajazana huku mabaharia wakikimbilia machimboni. Mwaka 1847 Jenerali Stephen Kearny alikuwa ameshauruhusu mji kuuza viwanja vya ufukweni, vingine vikiwa chini ya maji kabisa. Watu walinunua vipande vya bahari, kisha wakavifukia. Meli ya Niantic ilivutwa hadi nchi kavu ikageuzwa ghala, ikaungua mwaka 1851, na mabaki yake yakafukuliwa mwaka 1978 kwenye kona ya barabara za Clay na Sansome, mbali kabisa na maji ya leo.

Lakini kisa cha kukaa nacho ni cha Daktari Peter Smith. Mji ulimpa kandarasi ya kuwatibu wagonjwa maskini, ukamlipa kwa hati za deni ambazo hazikuwa na pesa nyuma yake. Daktari akaenda mahakamani, akashinda. Deni lilizidi dola 60,000, na kwa kuwa hazina ilikuwa tupu, mwaka 1851 mali za mji zikapigwa mnada, pamoja na viwanja vya maji na magati. Wasimamizi wa madeni ya mji wakatangaza kwamba mauzo hayo yangekuwa batili. Tangazo liliwatisha wanunuzi wa kawaida, wakakaa kando, na wachache waliothubutu wakajizolea ufukwe kwa bei ya kutupa. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikasema mauzo ni halali. Ardhi ya umma ikaenda hivyo, kwa ajili ya bili ya hospitali.

Anayesema mji ulinyang'anywa bandari na aanze hapo. Serikali ya jimbo haijatia mkono bado, na mji umeshaitapanya mwenyewe.

Na hayakuishia hapo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1850, magati yaliyokodishwa kwa watu binafsi yalikuwa yakioza, na kampuni moja ikajitokeza na ombi: ijenge ukuta wa mawe wa bahari, na badala yake ikusanye ushuru wa bandari kwa miaka 50. Bunge la jimbo likapitisha muswada huo mwaka 1860. Aliyeuzuia ni Gavana John Downey, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa mfamasia huko Los Angeles. Alikataa kutia saini, na watu wa San Francisco wakamshangilia mitaani. Bodi ya jimbo ya bandari iliyoundwa mwaka 1863 ilizaliwa na hofu hiyo. Ilikuja kuzima moto, wala sioni namna ya kuiita uporaji.

Nakiri kwamba jimbo nalo halikuwa mlezi mwema siku zote. Lilijenga ukuta kuanzia 1878, likafungua jengo la feri lenye mnara wa saa mwaka 1898, likaendesha hata reli yake lenyewe gatini. Mwaka 1934 wapakuzi waligoma, polisi wakaua watu wawili. Kisha yakaja makontena, Oakland ng'ambo ya ghuba ikayachukua, na magati ya San Francisco yakabaki matupu. Hapo ndipo jimbo lilipokumbuka kuwa mji unaipenda sana bandari yake.

Sheria ya mbunge wa jimbo John Burton ya 1968, ambayo wapiga kura wa jiji waliikubali mwaka huohuo, ilihamisha ulezi na madeni pamoja. Ardhi ile haiuzwi. Inakodishwa kwa muda usiozidi miaka 66. Mapato yake yanabaki kwenye mfuko wa bandari, na matumizi yake yafungamane na biashara ya majini, usafiri wa majini na uvuvi. Jiji likikiuka masharti, jimbo linaweza kuichukua tena. Ni kama mali ya wakfu: mtawalli hubadilika, sharti la aliyeweka wakfu halibadiliki. Na hata jimbo lenyewe lisingeweza kutoa zaidi ya hapo, kwani tangu 1892, katika shauri la Illinois na kampuni ya reli ya Illinois Central juu ya ufukwe wa Chicago, Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua kwamba serikali haiwezi kujivua dhamana ya maji ya umma kwa kuyagawa.

Yaliyofuata ni mepesi kusimulia. Barabara ya juu iliyoziba bahari ilipasuka kwa tetemeko la 1989 ikabomolewa; mwaka 1990 wapiga kura wakapiga marufuku hoteli juu ya magati; mwaka 2014 wakajitwalia haki ya kuidhinisha kila jengo la bandarini linalozidi urefu uliowekwa.

Kinachoniuma ni ukuta. Jimbo liliujenga, likakusanya ushuru nyuma yake kwa takriban miaka 90, kisha likaukabidhi umesimama juu ya tope laini katika nchi ya matetemeko. Mwaka 2018 wakazi wa jiji walikubali kukopa dola milioni 425 kuanza kuuimarisha. Mwaka 2024 wahandisi wa jeshi la Marekani walikadiria kwamba kuulinda ufukwe dhidi ya bahari inayopanda kutagharimu dola bilioni 13.5.