Nani Alikuwa Akimimina Maji?

Kila nikiposti picha ya lile tangi langu la samaki wa baharini, swali ni lile lile: bei gani? Wacha nijibu mapema tumalizane. Kioo kilikatwa na kugundishwa na fundi wa madirisha hapa Mtwapa, kinabeba lita 60 hivi. Maji nilichota baharini maji yakiwa yamejaa, mitungi mitatu ya lita 20, nikabebewa na boda. Kuna pampu ndogo ya hewa, mchanga kidogo, na mawe ya baharini niliyouziwa na jamaa mwenye leseni. Pesa haikuwa shida kubwa. Shida ilikuja usiku mmoja stima ilipopotea, na ndiyo maana leo naongea historia badala ya bei.

Ukitafuta nani alianzisha hili jambo la kuweka bahari ndani ya nyumba, utaletewa Mwingereza anaitwa Philip Henry Gosse. Ni kweli kitabu chake The Aquarium cha 1854 ndicho kilichofanya watu wawe wazimu, na neno lenyewe likashika kupitia kwake. Lakini Gosse alifika karamuni chakula kikiwa tayari.

Miaka ishirini na kitu kabla yake, mwaka wa 1832, kulikuwa na mama mmoja Mfaransa akiishi Messina, kisiwani Sicily. Jeanne Villepreux-Power. Baba yake alikuwa fundi viatu. Yeye alienda Paris akiwa msichana, akawa mshonaji, na 1816 akashiriki kushona nguo ya harusi ya binti wa kifalme. Akaolewa na mfanyabiashara, wakahamia Sicily. Chuo hajaona hata lango. (Mimi niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo huyu mama nampenda bure.)

Huko Messina alikuwa na swali moja. Kuna pweza mdogo anaitwa argonauta, na jike lake hukaa ndani ya ganda jembamba, jeupe kama karatasi. Wasomi walikuwa wamebishana tangu enzi za Aristotle: hili ganda analitengeneza mwenyewe, ama anaiba la mwingine, kama yule kaa anayehamia ganda la konokono aliyekufa? Walibishana wakiwa wameshika pweza waliokufa. Jeanne akaona huo ni upuzi, akaunda sanduku la kioo, akatia maji ya bahari na pweza wazima, akakaa akitazama. Akaunda na vizimba vya kushusha baharini kwenyewe. Aliwavunjia ganda makusudi, na pweza wakalikarabati wenyewe. Swali likaisha. Baadaye meli iliyobeba makusanyo yake ilizama na kazi yake nyingi ikaenda nayo. Leo kuna shimo kwenye sayari ya Zuhura lenye jina lake, lakini muulize muuza samaki yeyote kama anamjua.

Lakini Jeanne alikuwa na bahari nje ya mlango, kama mimi. Maji yakichafuka unachota mengine. Mtihani mkubwa ni kukaa mbali na bahari, na huo ulifanywa London na Anna Thynne, mke wa kasisi mkubwa wa Westminster Abbey. Mwaka wa 1846 alikuwa Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, akapenda matumbawe madogo ya huko, akayabeba hadi London ndani ya mtungi. Alikuwa akiletewa maji ya bahari kutoka pwani. Maji yalipokosekana, ikabidi yale ya zamani yatumike tena.

Na hapa nataka mtulie kidogo. Maji yaliyosimama huishiwa hewa. Kiumbe aliye ndani anavuta oksijeni, na nyingine huingia kwa juu tu, pale maji yanapokutana na upepo. Ukiyamimina kutoka juu, yanavunjika, yanabeba hewa. Hakukuwa na pampu wala stima. Kwa hivyo maji yalimiminwa kutoka chombo hiki hadi kile, mbele ya dirisha lililofunguliwa, nusu saa hadi dakika 45, kabla ya kila mara ya kuyatumia tena. Mwaka uliofuata akaongeza mwani ili nao utoe oksijeni. Matumbawe yakaishi miaka mitatu hivi.

Nani alikuwa akimimina? Si Bi. Thynne. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba kazi ilikuwa ya kuchosha, ila alikuwa na msichana wa kazi, mdogo, aliyeiona kama mchezo. Basi. Jina hamtaji.

Mchezo.

Nilisoma hiyo nikacheka. Wiki mbili baadaye stima ikapotea saa tatu usiku, na joto la Mtwapa mnalijua. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na ya chumvi hushika kidogo kuliko ya mto, kwa hivyo huyo msichana wa London alikuwa na nafuu kunishinda. Kufika saa nne na nusu samaki wangu wawili walikuwa juu kabisa, midomo wazi. Nilichukua jagi. Chota, inua, mimina taratibu. Chota, inua, mimina. Dakika ishirini za kwanza ni mchezo kweli. Baada ya hapo bega linaanza kuongea. Shangazi aliamka akanikuta, akashika jagi la pili bila kuuliza, na baadaye akasema tu, "Mwanangu, hii kazi ungemwachia Mungu na bahari yake." Stima ilirudi saa nane. Samaki walipona wote wawili.

Nasema wawili kwa sababu walikuwa watano. Watatu niliwaua mwenyewe, kwa haraka yangu: nilitia maji leo, samaki kesho. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha wengine kuwa nitrati isiyo kali sana, lakini wanahitaji wiki kadhaa kuota kwenye mawe na mchanga. Gosse na wenzake hawakuwajua. Sergei Winogradsky aliwatenga mwaka wa 1890 hivi. Wao walikuwa na udhuru. Mimi nilikuwa na bando.

Baada ya 1854 mambo yaliharibika haraka. Ushuru wa kioo ulikuwa umefutwa Uingereza mwaka wa 1845, treni zinafika pwani, na kila sebule ikataka bahari yake. Watu walishuka Devon na vikapu na patasi, wakabandua kila kitu mwambani. Mtoto wa Gosse, Edmund, aliandika mwaka wa 1907 akisikitika kwamba pwani ile ya utotoni mwake haiko tena, na alijua kitabu cha baba yake kilichangia.

Sasa hiyo Devon ni sisi. Kuanzia Shimoni hadi Kilifi kuna vijana wanaopiga mbizi na nyavu ndogo, wanawanasa samaki wa rangi wakiwa hai, wanatiwa kwenye mifuko yenye maji na oksijeni, wanapandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani. Hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, za tangu 1968, huruhusiwi kugusa. Kwingineko ni leseni na dhamiri. Sipingi kazi yao, nina marafiki humo. Nasema tu kwamba mwenye tangi kule hajui ni mkono wa nani ulizamia.

Asubuhi ile nilimpigia mamangu. Amefanya kazi za nyumba Nairobi tangu sijazaliwa. Mwajiri wake mmoja alikuwa akiwaambia wageni, yeye akiwa amesimama pale pale, "Huyu anapenda sana kupiga pasi." Nikamsimulia habari ya msichana wa London, dirisha, dakika 45, na ule mchezo.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na walikuwa wakimlipa?"

Nikamwambia bibi yake hakuandika.

"Haya," akasema. "Paka dawa kwa bega, ulale."