Tuta la Kukhu

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, jua lilikuwa limeshaanza kuchoma shingo. Nilikuwa nimetoka Burma kununua nyama, nikabadilisha mtungi wa gesi, nikanunua tokeni za stima, na sasa nilikuwa nyuma ya nyumba ya kukhu pale Kaloleni, jembe mkononi. Mfereji ulikuwa mkavu tangu Alhamisi. Shuka nilizofua kwa maji ya kununua zilikauka kwenye kamba kabla sijamaliza tuta la kwanza.

"Unapalilia ama unaua nyoka?" kukhu akaniuliza kutoka mlangoni. "Pole pole, baba. Huo ni mrenda, sio magugu."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekuja na mpango. Magoti yake yameisha, na mimi nimechoka kutumia kila Jumamosi kubeba mitungi. Nikamwambia: "Kukhu, wacha nikutumie elfu mbili kila mwezi, ununue mboga sokoni. Hii shamba tuachane nayo."

Hakunijibu. Alisema tu, "Maliza tuta."

Nikiwa pale juani nilikumbuka nilichowahi kusoma kuhusu jiji hili. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa miaka mingi wakubwa wake walitaka mikono ya mwanamume Mwafrika, si familia yake. Alivaa kipande shingoni, na kazi yake ilihesabiwa kwa tiketi ya siku 30. Akipata pa kulala, mara nyingi ni chumba cha kubanana na wanaume wenzake. Mshahara ulipangwa kama wa bachela, hata akiwa na mke na watoto watano. Hao walitarajiwa kula kutoka shamba la nyumbani, kule rizavu.

Hebu fikiria hesabu hiyo. Mwanamke aliyeshika jembe Kakamega au Nyeri alikuwa anamjazia tajiri wa Nairobi mshahara, na hakuna aliyemlipa. Hadi mwaka 1954 ndipo kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza kwamba mtu alipwe pesa za kutosha familia.

Kaloleni ilikuwa tofauti kidogo. Ilijengwa miaka ya 1940, na mafungwa wa vita kutoka Italia walitumika katika ujenzi wake. Nyumba zilipangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na zilikusudiwa familia. Lakini kupewa nyumba ya familia si sawa na kupewa mshahara wa familia. Kukhu alipoletwa hapa kama bibi arusi miaka ya sitini, guka alikuwa anafanya kazi reli hadi Jumamosi mchana. Pesa ziliisha kabla mwezi haujaisha. Kukhu akafungua fundo la leso, akatoa mbegu alizobeba kutoka kwao: saga, kunde, mrenda. Akalima nyuma ya nyumba, na palipojaa akalima kando ya barabara.

Jiji halikupenda. Kulima kando ya barabara kulikuwa kosa, na askari wa kanjo walikuja na mapanga.

"Walifyeka mahindi yakiwa yametoa ndevu," kukhu aliniambia, kama anayesimulia jambo la juzi. "Nikangoja waende. Nikapanda tena."

Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza kilimo cha mjini mwaka 2015. Kufikia wakati huo, kukhu alikuwa amelima karibu nusu karne bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sisi tunaita Jumamosi wikendi, mwisho wa wiki, siku ya kumalizia viporo. Lakini sikiliza jina lenyewe: juma, mosi. Ni siku ya kwanza. Waliolipa jina hilo walianza kuhesabu baada ya Ijumaa. Ofisi ndiyo iliyotufundisha kwamba wiki halisi ni ile inayolipwa, na kwamba kufua, kuteka maji na kupalilia ni mabaki. Kwa kukhu hesabu haijawahi kubadilika. Kazi ya Jumamosi ndiyo iliyobeba siku zingine zote.

Saa saba nikamaliza. Akanipa maji, akaketi, akaninyooshea kidole.

"Babako alisoma kwa pesa ambayo sikuipeleka sokoni. Unasikia? Sasa niambie, mshahara wako huisha tarehe ngapi?"

Nikajaribu kudanganya, nikashindwa. "Kumi na nane."

Alicheka mpaka akashika magoti. Nikaona aibu, halafu nikacheka pia. Miaka yote hii, na mimi bado ninalipwa kama bachela.

"Hiyo elfu mbili leta," akasema akijipangusa macho. "Nitalipa mtu wa maji. Lakini shamba ni yangu."

Akaweka ungo wa saga katikati yetu. Nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua. Jumamosi ijayo kuna tuta la pili.