Mwenzi wa Safari: Dhana ya Uongozi wa Mungu katika Wimbo wa Fanny Crosby na Maana Yake Mwanza

Wimbo "Bwana u Sehemu Yangu", uliomo katika Tenzi za Rohoni, huimbwa ibadani na misibani na Wakristo wa Kiprotestanti jijini Mwanza, wakiwamo wa Mkuyuni. Ni rahisi kuuchukulia kama zao la Marekani lililovikwa maneno ya Kiswahili. Makala haya yanatoa hoja tofauti: kwamba tafsiri iliibua wazo la msingi la mtunzi ambalo kiitikio cha Kiingereza kimelieleza kwa sehemu tu.

Fanny Crosby alizaliwa mwaka 1820 katika jimbo la New York na akapoteza uwezo wa kuona akiwa mchanga. Alisoma, kisha akafundisha, katika taasisi ya wasioona ya New York hadi mwaka 1858. Maneno ya wimbo huu aliyatunga mwaka 1874. Muziki ni wa Silas Vail. Kwa kumbukumbu yake mwenyewe, iliyohifadhiwa na Ira Sankey, jioni moja alikuwa akitafakari ukaribu wa Mungu, akimwona Kristo kama mwenzi wa daima wa safari yake. Kwa mtu aliyehitaji kushikwa mkono barabarani, taswira hiyo ilitokana na maisha ya kila siku.

Kiitikio cha Kiingereza husisitiza ukaribu. Kiswahili kimechagua dhana ya kuwa pamoja. Tofauti hii si ndogo, kwani mtu aweza kuwa karibu na mwingine bila kushirikiana naye mwendo. Vilevile, safari ya haji katika Kiingereza imekuwa safari tu, bila neno "hija", ambalo kwa Waswahili huelekeza fikra Makka.

Neno "safari" nalo lilikuwa na historia yake kandokando ya ziwa. Mnamo tarehe 17 Novemba 1874, mwaka uleule wimbo ulipotungwa, msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo. Ulifika Kageyi, kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria, tarehe 27 Februari 1875, baada ya siku 103, huku watu wengi wakiwa wamekufa au wametoroka njiani. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walizijua njia hizo kwa mabega yao. Katika misafara, kirangozi alitangulia mbele, na wapagazi wakafuata na mizigo yao. Bwana wa wimbo huu hakai nafasi ya kirangozi. Huongoza kwa kutembea na msafiri.

Muungano huo una msingi wa kibiblia. Zaburi ya 73 huweka mahali pamoja kushikwa mkono, kuongozwa kwa shauri na kumfanya Mungu kuwa sehemu ya mtu milele.

Hoja hii haihusu nia ya mfasiri, bali maana ambazo maneno yake yaliruhusu. Ubeti wa mwisho huifikisha safari kwenye mlango wa mbinguni. Hapo ndipo waombolezaji huuhitaji wimbo huu: wao humsindikiza marehemu hadi kaburini na kurudi, ilhali mwenzi anayeimbwa hageuki njiani. Kwa hiyo tafsiri ya nyimbo za kimisheni inastahili kusomwa kama chanzo cha historia ya fikra za waimbaji, wala si kama kivuli cha matini asilia.