Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Tanga: Safari ya Utumishi na Uzito wa Wadhifa

Tarehe 25 Agosti 1919 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuanzishwa rasmi kwa Jeshi la Polisi la Tanganyika. Makao makuu yake ya kwanza hayakuwa Dar es Salaam bali Lushoto, katika milima ya Usambara, chini ya Meja S. T. Davis, na yalibaki huko hadi yalipohamishwa mwaka 1930. Wakazi wengi wa Tanga hawalifahamu jambo hili, ingawa ni sehemu ya urithi wa mkoa wao.

Leo Jeshi la Polisi mkoani Tanga linaongozwa na Kamanda wa Polisi wa Mkoa, ambaye wananchi wamezoea kumwita RPC. Anayefikia nafasi hiyo huwa amepanda ngazi kwa miaka mingi. Ngazi za chini ni Konstebo, Koplo, Sajenti na Sajini Meja. Hufuata vyeo vya Mkaguzi, kisha vya Mrakibu, na juu yake Kamishna Msaidizi na Kamishna Msaidizi Mwandamizi, ambavyo ndivyo vyeo wanavyokuwa navyo makamanda wengi wa mikoa. Askari huanza mafunzo katika Shule ya Polisi Moshi, na baadaye baadhi yao hurudi darasani katika Chuo cha Taaluma ya Polisi Kurasini kwa kozi za uongozi. Katikati ya safari hiyo, ofisa huwa amewahi kuongoza kituo, wilaya au kitengo cha upelelezi, mara nyingi katika mikoa ambayo hakuijua kabla ya kupangiwa.

Kamanda wa mkoa huwajibika kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, naye ni mjumbe wa Kamati ya Usalama ya Mkoa inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa. Chini yake wapo Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, wakuu wa polisi wa wilaya na wakuu wa vituo.

Jiografia ya Tanga huufanya wadhifa huu uwe mzito. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,615,597 mkoani humo. Upande wa kaskazini kuna mpaka na Kenya, wenye kituo cha Horohoro wilayani Mkinga. Mashariki kuna ukanda mrefu wa Bahari ya Hindi, kuanzia Jasini na Moa, kupita Jiji la Tanga na Kigombe, hadi Pangani, Kipumbwi na Mkwaja. Jahazi au boti ndogo haihitaji gati ili kushusha mzigo. Ndiyo maana bandari bubu, bidhaa za magendo, dawa za kulevya, wahamiaji wasio na vibali na uvuvi wa baruti vimekuwa katika kazi za polisi wa Tanga kwa vipindi vyote. Kwenye nchi kavu zipo barabara kuu zinazokutana Segera, ambazo ajali zake zimegharimu maisha ya abiria wengi. Sasa limeongezeka eneo la Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linaloanzia Hoima nchini Uganda.

Uzito huo ulionekana wazi zaidi katika miaka ya 2015 na 2016. Mwanzoni mwa mwaka 2015 askari polisi waliporwa bunduki jijini Tanga, na mwezi Februari polisi pamoja na askari wa JWTZ wakapambana na watu wenye silaha katika eneo la mapango ya Amboni. Askari mmoja wa JWTZ alipoteza maisha na wengine walijeruhiwa. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei, watu 8 waliuawa kikatili katika eneo la Kibatini, Mzizima, pembezoni mwa jiji hilo. Kamanda wa mkoa wakati huo, Leonard Paul, alikuwa na jukumu la kuongoza msako na, jambo ambalo pengine lilikuwa gumu zaidi, kuzungumza na wakazi waliokuwa wakihama nyumba zao kwa hofu.

Makamanda hawakai. Mwaka 2022 Safia Jongo, mmoja wa wanawake waliowahi kushika wadhifa huo Tanga, alihamishiwa Geita, na Henry Mwaibambe akatoka Geita kuja Tanga. Baada yake alifuata Almachius Mchunguzi. Uhamisho ni utaratibu wa kawaida wa Jeshi na una faida zake, kwa kuwa humwepusha kamanda na mazoea yasiyofaa. Hata hivyo, njia za mikoko ya Mkinga hazisomwi katika jalada la makabidhiano pekee. Anayezijua ni askari aliyekaa huko, pamoja na mvuvi anayemwamini askari huyo.

Wapo wanaoendelea kutumikia umma baada ya kuvua sare. Adadi Rajabu, aliyekuwa Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai, aliteuliwa baadaye kuwa Balozi wa Tanzania nchini Zimbabwe, kisha akawa Mbunge wa Muheza, mkoani Tanga, kuanzia mwaka 2015 hadi 2020. Mwaka 2022 Simon Sirro naye alitoka kwenye wadhifa wa Mkuu wa Jeshi la Polisi na kuteuliwa kuwa Balozi huko huko Zimbabwe.

Kwa mwananchi, kamanda wa mkoa si mlango wa kwanza. Dhana ya polisi jamii, iliyotiliwa mkazo wakati wa uongozi wa IGP Said Mwema kati ya mwaka 2006 na 2013, imefikishwa hadi ngazi ya kata kwa kuwapo kwa Mkaguzi wa Polisi wa Kata. Mwenye taarifa ya boti isiyofahamika au ya wageni wanaotiliwa shaka aanze kwake, na katika dharura apige namba 112. Asiyeridhika na huduma ya kituo amwone mkuu wa kituo, kisha mkuu wa polisi wa wilaya, na hatimaye ofisi ya kamanda wa mkoa. Dhamana ya polisi haitozwi fedha, na anayeombwa malipo kwa ajili yake ana haki ya kulalamika kwa utaratibu huo huo.