Mimea ya tangi la samaki: Ua si ahadi ya mbegu

UA dogo jeupe, lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, linapoibuka juu ya maji ya tangi la samaki sebuleni, mwenye tangi hufurahi akiamini kuwa mbegu zitafuata. Mara nyingi hazifuati. Mimea mingi inayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo huongezeka bila kuhitaji ua, na asiyelijua hilo huweza kungoja mbegu kwa miezi mingi huku machipukizi yaliyo tayari kugawanywa yakisongamana na kunyimana mwanga.

Mfano ulio wazi ni Vallisneria, mmea wenye majani marefu kama utepe. Mwaka 1753 Linnaeus aliuorodhesha mmoja wao kwa jina la Vallisneria spiralis, na jenasi hiyo inamkumbuka tabibu wa Italia, Antonio Vallisneri. Mimea ya jamii hii humea pia katika maziwa ya Tanganyika na Victoria, kwa hiyo si mgeni Afrika Mashariki. Ndiyo aliyoitumia mkemia Robert Warington jijini London, alipoeleza mwaka 1850 jinsi samaki, mimea na konokono walivyoweza kuishi pamoja katika chombo kimoja: majani yalitoa oksijeni, nao konokono walikula yaliyooza.

Uchavushaji wake ni wa ajabu. Mmea mmoja huwa wa kike au wa kiume, si vyote viwili. Ule wa kike hupandisha ua kwa kikonyo chembamba hadi usoni mwa maji. Ule wa kiume huficha mamia ya vichipukizi vya maua karibu na mizizi. Vikikomaa hukatika, huelea juu na kufunguka, kisha husukumwa na upepo kama ngalawa ndogo mpaka viteleze kwenye kishimo ambacho ua la kike limekifanya usoni mwa maji. Chavua ikishapokewa, kikonyo hujisokota na kulivuta tunda chini. Msokoto huo ndio uliozaa jina la spiralis.

Hapo ndipo matumaini ya mwenye tangi yanapokwama. Vallisneria husambaa kwa vikonyo vinavyotambaa juu ya mchanga na kuotesha mche mpya kila baada ya hatua fupi, jinsi marando ya viazi vitamu yanavyofanya shambani. Miche yote iliyotokana na mmea mmoja ni nakala yake, na hivyo ni ya jinsia moja. Tangi likijaa mimea mia moja ya kike, hakutakuwa na chavua hata chembe moja. Atakaye mbegu hana budi kutafuta mmea wa jinsia ya pili. Asiyezihitaji angoje mche uwe na majani matatu au manne na mizizi yake yenyewe, ndipo akate kikonyo na kuupanda kwingine, akihakikisha kitako cha majani hakifukiwi mchangani. Mmea huu hupenda maji yenye chokaa, kama yale ya visima vingi vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe ya pwani.

Anubias, mzaliwa wa mito na misitu ya Afrika Magharibi na Kati, huchanua hata ukiwa umezama kabisa. Ua lake hufunikwa kwa kikombe cheupe au cha kijani, na hudumu kwa majuma kadhaa. Huko chini ya maji ni nadra mno kupata mbegu. Mmea huongezwa kwa kukata shina lake nene linalolala, kila kipande kikibakizwa na majani matatu au zaidi. Shina hilo lifungwe juu ya jiwe au gogo; likizikwa mchangani huoza, na kosa hili pekee limeua Anubias wengi kuliko uhaba wa mwanga.

Kwa Echinodorus, wa asili ya Amerika, bua la maua likibaki chini ya maji mara nyingi huotesha vijimea kwenye pingili zake. Hygrophila na Rotala hukatwa tu kama mihogo, na kipande hupandwa. Aponogeton ni tofauti: baadhi yao hukubali kuchavushwa kwa brashi laini ya rangi ikipitishwa juu ya suke la maua, na hutoa mbegu za kweli. Anayetamani kuona mbegu nyumbani aanze na huo. Taa iwashwe saa nane hadi kumi kwa siku. Kuizidisha hulisha mwani kuliko mimea.

Urahisi huo wa kuongezeka una upande wake mchungu. Salvinia molesta, kangaga linaloelea lililotoka Amerika Kusini, ni tasa kabisa na huenea kwa vipande vilivyokatika tu. Lilionekana katika Ziwa Kariba mwaka 1959, na kufikia mwaka 1962 lilikuwa limefunika takriban kilomita za mraba 1,000. Gugumaji la Ziwa Victoria, lililogunduliwa huko mwishoni mwa miaka ya 1980, nalo linatoka Amerika Kusini na maua yake ya zambarau ndiyo yaliyowashawishi watu wengi duniani kulibeba na kulifuga kama pambo.

Kwa sababu hiyo, majani na vikonyo vinavyopunguzwa tangini havifai kutupwa mtaroni wala mtoni, na maji ya kusafishia tangi yamwagwe bustanini, mbali na mfereji. Mabaki yaanikwe juani juu ya saruji kwa siku kadhaa mpaka yavunjike yakishikwa mkononi, kisha yachanganywe na mboji.